Bendera ya Bweni Safi

Mama yangu mkubwa, Sekela, ndiye aliyenisimulia mfano huu kwanza, tukiwa jikoni tunachambua mboga, naye hakuacha kuchambua hata pale nilipoacha mimi. Nawapa nanyi, akina mama wenzangu, kama nilivyoupokea.

Palikuwa na chuo kimoja cha ualimu, chuo cha wanawake watupu, huko kwenye baridi. Kila Jumamosi mkuu wa chuo alipita mabwenini pamoja na wakufunzi na matroni kukagua usafi. Bweni lililoshinda lilipewa bendera ya kijani ikae mlangoni wiki nzima, na wasichana wake ndio waliooga maji ya moto kutoka jikoni. Waliobaki walioga ya bomba, na maji ya bomba ya kule yalikuwa yanauma kama pilipili.

Katika bweni moja alikuwepo kiongozi, msichana mwenye bidii asiye na maneno mengi. Alikuwa akiamka kabla ya wenzake, na kona waliyoacha wao aliifagia yeye. Wiki ile wakufunzi walikuwa wanatafuta kiongozi mkuu wa chuo kizima, na kila mtu alijua kwamba bweni lake likishinda, cheo ni chake. Alikitaka. Kwao hakuna msichana aliyewahi kuitwa kiongozi wa kitu chochote.

Sasa, mmoja wa wasichana wake alikuwa ameungua mguu kwa uji siku ya zamu yake jikoni. Kidonda kilikuwa kibichi na kilitoa usaha. Matroni aliagiza kisifunikwe, kipate hewa, na mgonjwa asisumbuliwe kitandani. Lakini kidonda kisichofunikwa, mnajua wenyewe, kinanuka. Sakafu ilikuwa inang'aa, mashuka yamenyooka, viatu vimepangwa vikatazama upande mmoja, ila ukiingia tu, harufu ndiyo iliyokukaribisha.

Msichana mmoja mcheshi akasema, "Bendera haina pua, lakini wakufunzi wanazo."

Wakacheka. Kiongozi hakucheka. Alikwenda akaketi kitandani kwa mgonjwa, akamshika mkono.

"Mdogo wangu," alimwambia, "tukupeleke stoo kidogo. Kule kumetulia, hakuna wa kukupigia kelele. Wakishapita tunakurudisha."

Yule msichana akamtazama, kisha akasema, "Sawa, dada."

Wakambeba. Stoo ilikuwa nyuma ya bweni, mahali pa majembe, mkaa na vitanda vilivyovunjika. Wakamlaza juu ya magunia, wakarudishia mlango. Kitanda chake wakakitandika vizuri, madirisha wakayafungua yote, na hewa ya bwenini ikawa kama ya asubuhi baada ya mvua.

Wakaguzi wakafika. Mkuu wa chuo alikuwa mama mtu mzima, mrefu, ambaye hata wakufunzi walinyoosha migongo akipita. Akapitisha kidole juu ya fremu za madirisha, kikatoka safi. Akainama akatazama chini ya vitanda. Mkufunzi mmoja akasema juu ya sakafu ile mtu angeweza kumlaza mtoto mchanga. Kiongozi akajua wameshinda.

Mkuu akasimama karibu na kile kitanda kilichotandikwa. "Yule aliyeungua yuko wapi?"

"Amepumzika, mama. Tumempa mahali patulivu."

Akina mama, alidanganya hapo? Hakuna neno la uongo hata moja katika jibu lile. Ndiyo maana linanitisha.

Mkuu akaitikia kwa kichwa, akampa bendera mkononi. Wasichana wakapiga makofi. Kiongozi alipotaka kuitundika mlangoni, mkuu akamzuia. Akasema bendera ni ya wote wanaolala humo, na kama mmoja hawezi kuja kuiona, basi ipelekwe aliko. Kiongozi akaomba aende peke yake. Mkuu akasema, "Twende wote."

Basi wakaenda, kiongozi mbele na bendera yake, wakubwa wote nyuma, na njia ile fupi akaiona ndefu.

Akausukuma mlango. Yule mgonjwa alikuwa amelala juu ya magunia, jasho linamtiririka, na amejaza pindo la kanga mdomoni. Matroni akaruka, akaivuta ile kanga, akidhani mtoto anakata roho. Mgonjwa akavuta pumzi. Mlangoni mwanga ulimpiga machoni, hakuwaona wakubwa. Alimwona kiongozi wake tu.

"Niliwasikia wakipita," akasema. "Mguu ulikuwa unaniuma, nikaogopa nitalia wanisikie. Tumeshinda, dada?"

Tumeshinda. Hakusema mmeshinda.

Wakufunzi wale wanaoogopwa walisimama kama watoto waliokosa. Mkuu wa chuo akapiga magoti juu ya vumbi la mkaa, na gauni lake la heshima, kama mtu aliyeingia ibadani. Kisha yeye na matroni wakambeba yule msichana mikononi mwao, wakamrudisha kitandani kwake. Kiongozi akafuata nyuma. Bendera ilikuwa bado mkononi, na hakujua aiweke wapi.

Wapendwa, na sisi je? Mgeni akija, tunafagia, tunatandika vitambaa vya viti. Halafu yule binti aliyezaa nyumbani anaambiwa akae chumba cha nyuma. Yule shemeji ambaye akili zake zimechoka, tunamtafutia mahali patulivu. Tunapokea sifa, na sifa ni za kweli, maana nyumba kweli ni safi. Hatujiulizi kama huko nyuma mtu ameuma kanga ili sisi tusiaibike, na bado anatuombea tushinde. Mungu akija kwetu, mnadhani atapitisha kidole madirishani? Mimi naamini atasimama kwenye kile kitanda kitupu, na atauliza. Tutamjibu nini?

Yule kiongozi hakuadhibiwa. Kesho yake asubuhi, Jumapili, watu wakienda kanisani na nguo zao nyeupe, yeye alibeba mashuka yenye usaha hadi kwenye bomba lililo mbele ya nyumba za wakufunzi, pale wanapopita wote, akaanza kuyafua kwa maji yale ya baridi. Mkufunzi mmoja akasimama, akamwuliza mashuka hayo ni ya nani.

"Ni yetu, mwalimu," akajibu, akaendelea kufua.