Majani Mabichi kwenye Ukuta wa Kivia

Kaeni vizuri, maana nikimaliza kusimulia nitanyamaza, na kazi itakuwa yenu.

Walikuwapo watu wanne. Ambwene wa Tukuyu, mchimba mabwawa ya samaki, alikuwa na jicho la maji: akiutazama udongo alijua maji yamelala wapi na yanataka kutokea wapi. Nakijwa, mshonaji wa Morogoro, alikuwa na subira: angeweza kulisoma tusi hadi mwisho aone kama ndani yake kuna neno la maana. Mzee Mbazi, aliyehamia Tanga, alikuwa na kumbukumbu: alichoambiwa na bibi yake akiwa na miaka sita alikisema vilevile akiwa na themanini. Na Sifaeli, mgawa maji wa kwetu milimani Upare, alikuwa na moyo wa kutenda: akishajua la kufanya, hakusubiri kuungwa mkono.

Watatu wa mwisho ni wa ukoo wa Kivia. Ambwene si wa kwetu, kwa damu wala kwa ndoa.

Kivia ndiye babu aliyejenga ndiva yetu, bwawa la udongo linalokusanya maji ya kijito ili yagawiwe mashambani kwa zamu. Chini ya ukuta wake kuna nyumba kumi na tisa. Ya kwanza kabisa ni ya Sifaeli, anamoishi na mama yake asiyeweza kutembea.

Kila mwisho wa kiangazi wanaukoo hukutana pale, wakala, wakapiga picha. Mwaka huo kundi letu la Fesibuku lilikuwa na watu mia nne na kumi na wawili, na mtu yeyote aliweza kuona picha zake na kuandika. Ndiva ilikuwa imejaa pomoni. Mlima wote ulikuwa umekauka, isipokuwa sehemu moja ya ukuta, upana wa mkeka, iliyoota majani mabichi. Ulikuwa mwaka wa tatu tunapigia picha papo hapo, tukisema ni baraka. Chini ya picha mmoja wetu akaandika: "Kivia ametutandikia zulia."

Ambwene aliiona picha hiyo akiwa kwao Tukuyu. Akaandika: "Hongereni kwa sherehe. Lakini huyo babu yenu alijenga ukuta au alirundika matope? Hilo si zulia. Hayo ni maji yanatafuta njia, nanyi mnayachekea."

Hapo ndipo moto ulipowaka.

"Wewe wa wapi? Kwenu mnaishi na vyura, ukuta umeujulia wapi?"

"Kaoshe samaki wako!"

Mzee Mbazi naye hakukaa kimya. "Kijana, Kivia alibeba udongo huo kwa vikapu miaka minne. Wewe umechimba nini zaidi ya choo?" Watu sitini walimshangilia. Mimi ni mmoja wao.

"Nakijwa, mfute huyu! Mfungie!" Nakijwa ndiye aliyekuwa msimamizi wa kundi, na ni yeye peke yake aliyeweza kumfuta.

Nakijwa hakumfuta. Aliyaficha matusi yetu moja baada ya jingine, akayaweka maneno ya Ambwene juu kabisa, mahali ambapo kila aingiaye lazima ayaone. Kisha akamwandikia Mzee Mbazi, kaka mkubwa wa baba yake, mbele ya watu wote: "Shikamoo baba mkubwa. Nimekuzuia kuandika hadi kesho saa nne asubuhi. Tukikutana msibani nichape, lakini leo tusikilize." Watu kumi na wanane wakajitoa kwenye kundi kwa hasira. Yeye akaendelea: "Kaka Ambwene, ulivyomtukana babu yetu tumekusikia. Sasa sema, ni wapi hasa, na tuna muda gani?"

"Dada, ni hapo kwenye majani," Ambwene akajibu. "Kuhusu muda, iulizeni mvua."

Asubuhi Sifaeli alipanda ukutani, akachomeka fimbo kwenye yale majani. Ikazama hadi kiwiko chake kikagusa udongo. Akaandika kwenye kundi: "Pamelainika. Naenda kuchukua jembe. Nitapachimbua, nipazibe upya kwa udongo wa mfinyanzi."

Mzee Mbazi aliyasoma hayo akiwa Tanga. Alijua jambo ambalo huambiwa wazaliwa wa kwanza tu, nao huapa kutolisema. Angeweza kumpigia Sifaeli simu akamnong'oneza. Lakini alijua kwamba Sifaeli peke yake asingeaminiwa na kijiji. Saa nne na dakika mbili, kizuizi kilipoondoka, akaandika mbele ya ukoo mzima:

"Sifaeli mwanangu, weka jembe chini. Hapo ni tundu. Kivia alikosea. Mdomo wa kwanza wa kutolea maji ya ndiva aliuweka mahali pabaya, ukamshinda, akauziba kwa mawe na mashina ya migomba, akafunika. Mashina yameoza. Kinachozuia maji sasa ni udongo wa juu tu. Ukichimba, umefungua. Niliapa nisiseme. Nimesema."



Sifaeli aliyasoma akiwa amesimama juu ya majani, jembe mkononi. Akashuka polepole, kama mtu anayepita karibu na mgonjwa aliyelala. Akazunguka hadi upande wa pili, kwenye mlango wa ndiva. Maji yale yalikuwa akiba ya maharage ya familia ishirini na tatu, na kazi ya mgawa maji ni kuhakikisha hayatoki nje ya zamu. Hakumuuliza mtu. Akang'oa kizibo.

Wanawake wakatoka mashambani mbio. "Sifaeli, umerukwa na akili? Hayo maji ni ya nani?"

"Ni yenu, dada zangu. Na mama yangu yuko chini yake."

Walimtukana hadi sauti zikakauka. Baadaye mmoja aliyekuwa na simu akawasomea wenzake maneno ya Mzee Mbazi, nao wakashika majembe, wakapanua mfereji. Maji yalitoka hadi jioni, yakapita mashamba, yakapotelea tambarare.

Siku ya pili mchana mvua ilishuka mlimani. Tulisimama ng'ambo, tuliofika. Hatukusikia kishindo. Ukuta ulikaa chini tu, pale penye majani, kama mzee anayekaa kitini, na mbele yetu pakawa na tundu ambalo mtu mzima angepita bila kuinama. Tope likatoka kidogo, na vyura wawili. Basi. Tuliangalia lile tundu, kisha yale mapaa kumi na tisa chini yake, moshi ukitoka jikoni kwa mama yake Sifaeli. Mwanamume mmoja alivua kofia, akaishika mvuani.

Ukuta mpya umeshajengwa. Kwa desturi yetu, jiwe la mlango wa ndiva huandikwa jina moja tu, na maji huitwa kwa jina hilo vizazi vyote. Jiwe la Kivia lilipasuka. Ukoo ukakutana kuchagua jina.

"Aandikwe Ambwene," Sifaeli alisema. "Bila jicho lake tungekuwa tunachimbuana matopeni."

"Aliyemtukana Kivia akae mahali pa Kivia? Tena aliandika akarudi kwenye samaki wake!"

"Basi Nakijwa."

"Nakijwa alifanya nini? Hakufuta. Kutofuta nako ni kazi?"

"Jaribu wewe kutofuta, ndugu zako sitini wakikupigia kelele!"

Wengine walimtaja Mzee Mbazi, aliyevunja kiapo na kulitoa kosa la babu hadharani. Wakajibiwa kwamba miaka mitatu aliziona picha zile akanyamaza, na aliposema mara ya kwanza alisema matusi. Wengine walimtaja Sifaeli. Wakajibiwa kwamba alipita pale kila siku bila kuona, na kwamba nyumba ya kwanza aliyoiokoa ni yake.

Wenyewe wanne, kila mmoja alipoulizwa, alimtaja mwenzake.

Jiwe liko pale, limesuguliwa. Fundi ameketi kando yake na patasi, anangoja kuambiwa. Nafasi ni ya jina moja. Haya, ninyi mliosikia yote: mngemwambia aandike nani?