Somo wa Bombani

Paliondokea Siwatu, mama wa kichanga mwenye vipele vya joto, kijiji kizima bombani hamna tone. Ufunguo wa bomba alikuwa nao Zahoro, Mkurugenzi wa Maji, na maji yote yalikwenda kwenye matikiti yake.

Asubuhi moja alikuja mbio. "Siwatu! Wajumbe wa mkutano wa maji wa mataifa wanakuja. Nafungua bomba, umwogeshe mwanao, ucheke. Wakiondoka, nafunga. Ukinishtaki, utahama!"

"Sawa bosi, nitacheka, nitaogesha, sikushtaki, wallahi, usinihamishe tu!"

Wajumbe wakafika. Siwatu akacheka, akampakatisha mtoto mwenyekiti wao, mama mmoja wa Bujumbura. "Mwogeshe wewe, dada."

Akamwogesha. Picha zikapigwa, Zahoro akashangilia kuliko wote.

"Hongera, somo!" akasema Siwatu. "Kwetu amwogeshaye mtoto mbele za watu ndiye somo yake, na kila asubuhi lazima amwone akioga. Sivyo, bosi?"

Kamera zote zikamgeukia Zahoro. "Ndi... ndivyo."

"Basi nitapiga simu ya video, hapa hapa bombani," mgeni akafurahi. "Mpaka lini?"

"Mpaka aoe."

Zahoro akamtazama mtoto. Hakuwa na jino hata moja.