Supu ya Mzazi

Sogeeni, wanangu, na mwenye mfupa mdomoni autoe kwanza anisikilize.

Zimwi lilikuwa likila watu wa kijiji cha Mbwegani. Wakalisihi: tunaumia. Wakalisihi: tuna watoto. Wakalisihi: tuhurumie. Zimwi likajibu, "Mbuzi wenu nao hulia hivyo hivyo. Acheni kula wanaolia, nami nitaacha."

Wakaapa. Ikaja harusi, wakala kunde. Ikaja sikukuu, wakala maboga. Zimwi nalo likala mihogo, likakonda, likanyamaza.

Kisha Somoe, mke wa Mshamu, akajifungua. Alitokwa na damu nyingi, hata kunyonyesha hakuweza. Mkunga akamwambia Mshamu, "Mzazi bila supu atakufa, baba. Tafuta kuku."

Kiapo Mshamu alikikumbuka vizuri. Akakamata kuku mwenye vifaranga, akamnywesha maji kama ilivyo desturi, akamchinja. Kuku alilia. Somoe akanywa supu, akapona.

Siku ya pili, mchana kweupe, zimwi likapiga hodi. Lilibeba chungu, na macho limeyainamisha kwa haya.

"Mke wangu naye kajifungua," likasema. "Hana maziwa. Nimemlisha mihogo mpaka basi. Unajua mwenyewe, ndugu yangu."

Mshamu akasimama pale pale mlangoni. Hakukimbia.

Zimwi likaomba kata, likateka maji mtungini, likamnywesha kwanza.

Haya, yule mwenye mfupa wake aendelee, kama bado anautaka.