Setilaiti ya Saa Moja na Dakika Nane

Jioni hiyo, ofisini Vwawa, Violet alikuwa hatulii kitini. Darubini mpya ya kufuatilia setilaiti ilikuwa kilimani nje ya Tunduma, nayo iliendeshwa kwa kompyuta iliyo mbele yake. Yeye ndiye aliyeomba ifungwe huko kwao. Leo ilikuwa siku ya jaribio: setilaiti ingepita saa moja na dakika nane. Ikiwaponyoka, darubini ingeng'olewa na kupelekwa mkoa mwingine.

"Tungeweka mtu pale," alimwambia mkuu wake, Mhandisi Ferdinand.

"Wa nini? Kufukuza kunguru? Siku hizi ni kubonyeza tu, binti!"

Violet alikuwa ameshamwomba shangazi yake Elizabeti, muuza vitenge wa mpakani, akae karibu na darubini.

Saa kumi na mbili na dakika hamsini wakailekeza kwenye nyota ya kujaribia. Kioo cha kompyuta kikabaki cheusi tii! Wakabonyeza tena. Wapi! Ferdinand akaanza kuvuja jasho. Violet akapiga simu.

"Shikamoo shangazi! Kuna nini hapo?"

"Marahaba mwanangu. Lidude lenu ni zima tu. Ila saa ya kwenye kisanduku chake mbona inasema kumi na moja na dakika hamsini? Ha! Limekamata mtandao wa Zambia hili, wenzetu wako nyuma saa nzima! Simu yangu ndivyo ilivyonifanyia, Jumapili nikafika kanisani watu wanatoka!"

Violet akaruka. Kumbe darubini ilikuwa inatafuta nyota pale ilipokuwa saa nzima iliyopita!

"Shangazi, geuza antena ya kisanduku iangalie Vwawa, ikamate mtandao wetu, kisha zima, washa!"

"Vwawa ndiyo wapi, kwenye minara au kwenye ng'ombe?"

"Kwenye minara!"

Dakika zikayoyoma. Saa moja na dakika sita, nyota hiyo hapo, inang'aa! Dakika ya nane nukta nyeupe ikaingia kwenye kioo, na darubini ikaifuata kama kifaranga na mamaye. Vigelegele vya shangazi vikapasua simu.

"Naiona na mimi! Inatembea!"

Ferdinand akainyakua simu. "Shangazi, tafadhali, na kesho usibanduke hapo!"

"Kesho nina vitenge vyangu, baba. Labda mniletee kiti na mshahara."

Ofisi nzima ikaangua kicheko, na Ferdinand akacheka kuliko wote. Hakika, fimbo ya mbali haiui nyoka.