Kiti cha Kulia

Kuuliza si ujinga, wahenga walinena, lakini hawakutuambia jinsi swali linavyoweza kumkwama mtu kooni. Anayekiri kwamba hajui huonyeshwa njia. Anayejifanya mjuzi huzunguka palepale hadi jua lizame. Lynette alijionea haya mwaka wa 1995, mtaani Amalemba, mjini Kakamega.

Athman alikuwa na chumba cha michezo ya video, televisheni moja na kaseti moja tu, ya mchezo wa mapigano. Siku moja, kwa mdomo wake usio na breki, alijitapa mbele ya Osiako, bingwa wa mtaa wa Shieywe, kwamba bingwa huyo akimshinda mchezaji wa Athman Jumamosi, aondoke na kaseti hiyo. Ulimi hauna mfupa! Bila kaseti chumba kingefungwa, naye alikuwa na watoto watatu wa kulisha.

Mchezaji wake alikuwa Lynette, binti aliyemaliza kidato cha nne mwaka uliotangulia. Silaha yake ilikuwa mpira wa moto: unabonyeza chini, kulia, kisha ngumi, na mpiganaji wako anaurusha kutoka viganjani hadi kifuani mwa adui. Hata hivyo, moto huo ulimtokea aliyekaa kiti cha kushoto pekee, ambaye mpiganaji wake huanzia upande wa kushoto wa kioo. Kiti cha kulia, watu waliapa, kilikuwa na mkosi. Na desturi ya chumba ilikuwa mgeni achague kiti. Wewe ungekuwa Osiako ungechagua kipi?

Siku nne Lynette alijizoeza kwenye kiti cha mkosi hadi ngozi ya kidole gumba ikachubuka. Chini, kulia, ngumi, wapi! Ijumaa alasiri alitoka nje machozi yakimlengalenga. Mlangoni aliketi Pascalia, mama kutoka kijijini Mautuma aliyeuza njugu, ambaye hakuwahi kuugusa mchezo huo. Lynette alisita, kwani vijana wangemcheka. Mwishowe alimeza kiburi, akamweleza yote, akamuuliza kama anaona kosa lake.

Pascalia aliweka chini kikopo cha kupimia njugu.

"Mtu wako akiwa upande wa kulia, adui yake yuko wapi?"

"Kushoto, mama."

"Sasa mbona unamtuma kulia? Mimi nikipalilia mahindi, mwisho wa mstari nageukanga, na mbele yangu inageuka na mimi. Mbele ni kule kazi iko, mwanangu."

Lynette alirudi ndani mbio. Chini, kushoto, ngumi. Moto ukatoka, naye akalia kwa furaha bila kuona haya.

Jumamosi chumba kilijaa pomoni. Osiako alichagua kushoto huku akitabasamu. Moto wa kwanza wa Lynette ulipomgonga, aliduwaa. Akaruka juu ya adui kujinusuru, akatua upande wa kulia, na sasa moto wake yeye ndio uliokataa. Alibonyeza vilevile alivyozoea, asipate kitu, akashindwa raundi mbili mfululizo.

Athman alienda moja kwa moja mlangoni, akaushika mkono wa Pascalia kwa mikono yake miwili. "Mama, umeniokolea watoto," alisema. "Mungu akuzidishie." Tangu siku hiyo meza ya njugu ilikaa ndani, na mvua haikumnyeshea Pascalia tena. Msimu uliofuata Lynette alisafiri hadi Mautuma kumsaidia kupalilia, na kila alipogeuka mwisho wa mstari alicheka peke yake.

Ila siku ile ya shindano, watu walipotawanyika, Osiako alibaki akiinamisha kichwa. Kisha alimsogelea Lynette, akamuuliza amefanyaje. Lynette angeweza kumficha. Badala yake alimpeleka kwa Pascalia, akamwambia aulize mwenyewe. Osiako akauliza, akajibiwa, akapewa na njugu za njiani. Hakuna aliyemcheka, kwa maana wote waliokuwapo walikwisha kuona kwa macho yao kwamba kuuliza si ujinga.