Waziri wa Toleo Jipya

Palikuwa na Sultani mmoja, Muhsin wa Mtondoni, anayependa vitu vipya lakini kusubiri hajui. Jumbani mwake zilikaa seva tatu, kompyuta za kutunzia kumbukumbu. Ya kwanza waliiita Mama: hati za viwanja, vyeti vya ndoa, ushuru wa soko, vyote humo. Mbili zilikuwa za akiba. Kila alichoandika Mama, nazo ziliandika hicho hicho papo hapo, ili Mama akizimika, moja ishike nafasi yake.

Siku moja akasikia kwamba Sultani wa ng'ambo kapata toleo jipya la programu. Roho ikamuuma. Akamwita fundi wake, Shaame.

"Nataka zote tatu ziwe toleo jipya. Anza na za akiba. Na zisiache kunakili kwa Mama hata kidogo."

"Haitawezekana, Mtukufu. Mpya na ya zamani hazielewani. Tuzisimamishe zote zikiwa sawasawa, tuzibadilishe, kisha tuziwashe. Nusu asubuhi tu."

"Kusimamisha? Katika jumba langu hakisimami kitu. Na yeyote atakayeamuru kisimame, awe nani awe nani, ndani."

Shaame akatiwa ndani. Jamani, mtu kasema kweli, kaenda kulala na kunguni.

Mkewe, Mkejina, alikuwa muuza vitumbua, na mdomo wake ulikuwa moto kuliko mafuta yake. Alimpenda mumewe. Alilia, akanawa uso, akajitanda kanga, huyoo barazani.

Sasa mjue desturi ya baraza lile. Sultani akikohoa, waziri na kadhi hukohoa. Akisikitika, huinamisha vichwa. Akisema leo kuna baridi, wao hutetemeka, na jua la mchana linawachoma.

"Mtukufu," akasema Mkejina, "nimekuja kumalizia kazi ya mume wangu. Nikishindwa, nifunge naye."

"Wewe unajua kompyuta?"

"Najua vitumbua. Ila Shaame hata akiota huota seva, na mimi ndiye ninayelala pembeni. Kwanza nijaribu kwa watu, nisije nikaharibu mashine. Wewe uwe Mama. Hawa wawili ndio akiba yako. Niazime waziri nianze naye."

Sultani akacheka. Waziri na kadhi wakacheka.

"Mchukue. Waziri, mtii huyu bibi."

Mkejina akamgeukia waziri. "Kwa amri ya Sultani, tangu sasa fanya kwa akili yako mwenyewe."

Waziri akatoka jasho. Tangu apewe joho hakuwahi kuombwa jambo zito namna hiyo.

"Haya, Mtukufu, endelea na baraza lako kama kawaida."

Sultani akatoa kile kisa chake cha punda aliyekula kilemba, anachokitoa kila siku ya Mungu. Kadhi akacheka mpaka akashika mbavu. Waziri kimya.

"Waziri, mbona hucheki?"

"Hakichekeshi, Mtukufu. Hakijawahi kuchekesha."

Kadhi akakata kicheko katikati. Akamtazama huyu, akamtazama yule, hajui amfuate nani. Masikini, mdomo ulibaki wazi.

"We mwanamke, umeniharibia waziri."

"Hajaharibika. Yeye ni mpya, wewe bado wa zamani, ndiyo maana hamwelewani. Lakini wewe endelea tu, Mtukufu. Ndivyo ulivyotaka."

"Nitaendeleaje na mtu asiyenifuata? Kesho na kadhi ataanza. Simamisheni baraza. Nasema simamisheni kila kitu, pasifanyike lolote mpaka sote tuwe sawa."

Baraza likasimama. Hata mpepeaji akateremsha upepeo wake. Mkejina akawageukia askari wa gereza waliokuwa mlangoni.

"Wanangu, mmesikia kwa masikio yenu nani kaamuru kisimame. Mmoja akamwambie Shaame asogee kidogo kwenye mkeka, analetewa mwenzake."