Kiti cha Kumi na Mbili

Hapo zamani, na zamani yenyewe si ile ya fisi kuoa kwa sungura, ni hii ya juzi tu, watu wana simu mikononi, palikuwa na bustani ya michezo pale Morogoro iliyoitwa Mbwembwe. Ukishalipa kiingilio unakuta maji ya kuteleza, vigari vya kugongana, farasi wa mbao, na katikati, ndiyo mama yao wote, bembea kubwa: gurudumu la chuma lenye kimo cha ghorofa nne, limening'iniza viti kumi na viwili. Watoto wa mji mzima waliijua. Anayejidai haijui, mwulizeni mama yake, atawaambia alivyoililia.

Sasa tegeni sikio hapa, maana ugomvi wote umo ndani ya viti hivyo. Kila kiti kilikuwa na jina la mtu limeandikwa kwa rangi mgongoni. Si jina la tajiri, hata! Ni la mfanyakazi aliyefanya jambo la kukumbukwa. Kiti cha kwanza, Shabani, aliyejirusha bwawani na nguo zake akamtoa mtoto wa watu. Kiti cha tano, Paulina, aliyefagia bustani miaka kumi na saba asikose siku moja. Viti kumi na kimoja vilikwisha kupata wenyewe, kikabaki kimoja kitupu, cha kumi na mbili. Mama Shemweta, mwenye bustani, alikuwa amesema wazi, "Hicho ndicho cha mwisho. Kikishaandikwa basi, bembea nyingine sinunui."

Na Hidaya alikitaka. Huyu Hidaya alikuwa mwanafunzi wa chuo cha ufundi, mwaka wa mwisho, kaletwa pale kwa mafunzo ya vitendo ya miezi mitatu, na sasa zilibaki wiki tatu. Kwao alikuwa binti wa sita. Baba yake akitaka kumwita alipita kwanza kwenye majina ya dada zake wote, ndipo afike kwake. Siku aliposema anasomea mitambo, wajomba walicheka mpaka chai ikawapalia: "Mtoto wa kike na spana, wapi na wapi?" Kila asubuhi alipopaka grisi na kufika kwenye kiti kile kitupu, mkono ulikuwa unachelewa. Akilini alikuwa anawaona visichana wanapanda, wanauliza, "Hidaya ni nani?" na mtu anawajibu, "Alikuwa fundi wa hapa." Alilitaka jambo hilo kuliko kitu chochote.

Aliyekuwa akimfundisha ni Mzee Kobelo. Mzee huyu alikuwa ameilea bembea ile miaka ishirini na miwili, na kiti hana! Hidaya alipomwuliza sababu, mzee alicheka kidogo tu.

"Kazi yangu mimi ni kuzuia mambo yasitokee, mjukuu wangu. Nani anakumbuka jambo ambalo halikutokea?"

Alimfundisha mawili makubwa. La kwanza ni mzunguko wa mchanga: kila asubuhi, kabla geti halijafunguliwa, mnapakia magunia ya mchanga vitini kana kwamba ni watu, mnaizungusha bembea mara moja, na wewe unaweka kiganja kwenye nguzo. Chuma hulalamika kabla hakijakatika, na malalamiko yake husikika mkononi kabla ya sikioni. La pili, watu hawashushwi kwa kufuatana. Ukitoa wa kiti hiki, sharti anayefuata atoke upande wa pili, kama mwenye duka anavyosawazisha mzani wake. Upande mmoja ukibaki mzito, bembea hukimbia yenyewe, na breki peke yake haiiwezi.

Wa tatu katika kisa hiki ni Bi Mwantumu, mpishi wa wafanyakazi. Pande la mama, mcheshi, chapati zake unaweza kuzigombania na ndugu yako. Lakini mwoga wa kimo, hajawahi kutokea! Taa ya jikoni ikiungua aliita mtu aje kuibadilisha, maana yeye hata kigodani hapandi. Miaka tisa pale, bembea hajaigusa. Wakimtania, hujibu, "Mimi na ardhi tumeoana, na talaka hakuna."

Basi wiki ya kwanza ikapita, ya pili ikapita. Jumamosi ya mwisho, mvua ya usiku ilikuwa imechimba shimo getini, shimo la kuvunja mguu wa mtoto. Mzee Kobelo akachukua magunia yote, akamwaga mchanga humo akalifukia. Hidaya akamwuliza:

"Na mzunguko wetu, babu?"

"Mchanga ndio huo watu wanaukanyaga. Jana ilikuwa nzima, usiku mmoja itaugua nini? Fungua geti."

Likaja basi la shule. Watoto ishirini na wanne wakapanda, wawili wawili, vifijo na nderemo. Mzee Kobelo akaenda karakana. Hidaya akabaki nguzoni, kiganja juu ya chuma kwa mazoea. Mzunguko wa tatu, akasikia kitu kinakwaruza, kr, kr, kr, ndani ya kiganja chake. Muziki ulikuwa juu, hakuna mwingine aliyesikia. Na sheria ya Mbwembwe ilikuwa kali: anayezima mota watoto wakiwa juu bila amri ya fundi mkuu, naye ndiye Mzee Kobelo, anarudishwa chuoni siku hiyo hiyo na karatasi yake ya mafunzo haisainiwi. Miezi mitatu iende na maji! Akabonyeza kitufe chekundu cha kuzima mota.

Pa! Bolti ya mota ikakatika papo hapo, kipande kikaruka kikachoma ubao wa kibanda cha tiketi. Mota ingekuwa bado inavuta, mnyororo ungeng'oka pamoja na viti. Tungekuwa tunasimulia msiba.

Walimu wakaanza kulia. Hidaya akachomeka hendeli ya chuma, akazungusha kwa mkono. Akashusha kiti cha kwanza. Watoto juu wanalia. Akashusha cha pili. Walimu wanamhimiza, haraka, haraka! Akashusha na cha tatu. Mmeona? Vitatu, vya kufuatana! Upande mmoja mwepesi, mwingine umejaa watoto. Bembea ikaanza kwenda yenyewe, hendeli ikamchomoka mkononi.

Mzee Kobelo alikuwa ameshatoka karakana mbio. Akajitupa na mwili mzima juu ya mkono wa breki. Breki ikatoa moshi, chuma kikamchoma viganja, hakuachia. Bembea ikasimama, lakini ikitetemeka.

"Mzigo!" akapiga kelele. "Nipeni mtu akae kiti hicho cha chini! Mtu mzito!"

Watu wazima wakatazamana. Mwalimu mmoja akainama kufunga kamba za viatu, na viatu vyenyewe vya kutumbukiza. Ndipo Bi Mwantumu akatokea jikoni, unga umemjaa mpaka viwikoni.

"Uzito gani unautaka, mzee?"

"Kama wako, dada yangu."

"Haya nipisheni." Akaketi, akajifunga chuma cha kiti, akajifunika kanga usoni. "Zungusheni upesi, kabla sijabadili nia!"

Wakamzungusha. Hidaya kwenye hendeli, mzee kwenye breki, sasa wanashusha mmoja huku, mmoja kule, kama ilivyotakiwa. Na kila waliposawazisha, Bi Mwantumu hana budi kupanda tena. Mara tano alifika kileleni. Huku chini walimsikia, "Wanangu, tumefika?" na watoto wanamjibu, "Bado, mama!" Naye, "Msinidanganye, nitawanyima chapati!" Watoto waliokuwa wanalia wakaanza kucheka. Saa nzima na nusu. Wote ishirini na wanne wakashuka, hakuna aliyechubuka hata kidole. Wa mwisho kushuka alikuwa yeye, akaketi chini akawa anaipapasa ardhi kwa mikono miwili.

Jumatatu, siku moja kabla Hidaya hajafunga begi, Mama Shemweta akawakusanya wote.

"Karatasi ya mtoto nimeshaisaini," alisema. "Sasa kiti. Kinapata mwenyewe leo. Mmoja tu, maana nafasi ya majina mawili haipo. Semeni."

Hidaya akasimama. "Shikamooni wazee wangu. Mnisamehe nikitangulia. Mimi ndiye niliyesikia. Nilijua nitafukuzwa, nikabonyeza. Nisingebonyeza, babu angeshika breki ya nini? Na mama angepanda wapi?"

Mzee Kobelo akatikisa kichwa kwa upole. "Kweli, mjukuu wangu, na kiganja chako kimeshakuwa kizuri kuliko changu. Nilijivunia. Lakini ukashusha vitatu mfululizo, nami nilikufundisha. Uliwatoa watoto katika hatari moja ukawatia nyingine. Aliyeizuia hiyo ya pili ni huyu hapa." Akainua mikono, imefungwa bandeji mpaka vifundoni.

"Pole, kaka," akasema Bi Mwantumu. "Breki ile vijana watatu wasingeiweza, ulikuwa mwanamume. Ila mchanga wako ulikuwa wapi asubuhi? Ungeahirisha kufungua, ukajaza magunia upya, bolti ingelia mtoto hajapanda. Moto ulioushika ni wa jiko ulilolisahau mwenyewe. Ninyi wawili mlikuwa mnarekebisha makosa yenu. Mimi sikukosa kitu. Niliogopa, nikapanda."

"Haki yako," mzee akajibu. "Lakini tuseme ukweli, dada. Kazi ile hata gunia la mchanga lingeifanya."

"Gunia haliogopi!"

Watu wakavunjika mbavu, Hidaya akicheka kuliko wote na machozi yanamtoka. Wengine wakaanza: mpe mtoto! Wengine: mpe mzee, miaka ishirini na miwili! Wapishi nao wakapiga sufuria kwa ajili ya mama yao. Mama Shemweta akashika kichwa.

"Mmenishinda," akasema. "Hidaya, kesho unaondoka. Chapati za huyu huli tena, wala huyu hakufundishi tena. Huna wa kumwogopa hapa wala wa kumpendeza. Chukua brashi, andika unachoona ni haki. La mwenzako au lako. Hakuna atakayekuuliza."

Hidaya akaichukua. Akavitazama viganja vya mzee. Akamtazama na Bi Mwantumu. Na kile kiti bado alikitaka, nisiwadanganye, alikitaka vilevile kama siku ya kwanza, kwa sababu hakuna mahali pengine duniani ambapo mtu angeandika jina lake kabla ya la dada zake. Akainama, akaandika, polepole, asiharibu herufi.

Mimi kiti hicho nimekipanda. Jina nimelisoma. Na siwaambii ng'o, msinishike kanzu! Mnasemaje ninyi? Aliyesikia akathubutu, aliyeungua asiachie, au aliyeogopa akapanda: je, nani alistahili? Na wewe uliyekaa hapo mbele unayejibu upesi upesi, kama brashi ingekuwa mkononi mwako na jina lako likiwa mojawapo, je, ungeandika la nani?